Mikono ya Mkalimani

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Mkalimani yeye aliponzwa na mikono.

Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kile kisanduku kidogo pembeni mwa taarifa ya habari, akiwafasiria viziwi kwa lugha ya alama. Alifasiri kwa uaminifu hata maneno yaliyomchefua. Mpaka siku waziri alipoapa mbele ya kamera kwamba shule ya viziwi inaendelea vizuri. Asubuhi hiyohiyo mkalimani alikuwa amepita pale, akaona kufuli na majani yameota mlangoni. Uzalendo ukamshinda. Akaachana na waziri, mikono ikasema yake: "Mwongo huyu! Shule imefungwa, nimeiona kwa macho yangu."

Studioni hakuna aliyeshtuka, kwani hakuna aliyejua alama hata moja. Viziwi ndio waliocheka mpaka machozi. Wakairekodi runinga kwa simu, bila sauti, maana sauti ya nini kwao? Video ikasambaa, na mtu akaiwekea maandishi ya kile mikono ilichosema.

Kesho yake mhariri akamwita. "Dada, una haki ya kusema utakalo, lakini si ndani ya taarifa yangu."

Akafukuzwa kazi. Taarifa ile ikafutwa, na kisanduku chenyewe kikaondolewa.

Jioni alikwenda kwa kaka yake, fundi viatu, kiziwi tangu kuzaliwa, ambaye mtoto wake pia alisoma shule ile. Alitegemea pongezi, nani asingetegemea? Alimkuta ameikodolea macho runinga, mtangazaji anafungua na kufumba kinywa tu.

"Nilisema kweli," akamwambia kwa alama.

"Kweli tupu," kaka akajibu. "Lakini mdogo wangu, kufuli mimi nililiona kabla yako. Mwanangu si huyo anashinda nyumbani? Wazazi tunakwenda kwa waziri kumbana kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya pale ulipomwita mwongo, aliongea kitambo kirefu, nilimwona midomo. Alisema nini?"

Dada akainua mikono amfasirie, japo kwa kuchelewa. Ikabaki hewani. Wakati waziri anaongea, yeye alikuwa anaongea ya kwake, na hakusikia neno.

"Sijui, kaka," akasema.

Kaka akamtazama, kisha akageukia tena runinga.