Lifti Ikisimama

Mtandao wa jengo lile ulikuwa na vitimbi. Unashika, unakatika, na ukimwita fundi unatulia tuli kana kwamba umesingiziwa. Mama Waya, fundi wao, alishabadilisha vifaa vyote vya kubadilishwa, akabaki kusemwa na kila mwenye mdomo. Na siku hiyo wala akili yake haikuwa kazini. Kitinda mimba wake alikuwa anaondoka na basi la saa kumi kwenda kusoma mbali, miaka minne, na mama alishaapa kuwa atafika kituoni kumuaga.

Lakini mkurugenzi alikuwa anaongea na wageni kwenye skrini, na mtandao ukamwaibisha mbele yao. "Hutoki humu mpaka uujue ugonjwa wake," alimwambia.

Basi akatulia, akasikiliza. Kila ulipokatika, lifti ilikuwa inapita ghorofa ya tatu. Akakumbuka: walipohamia hapo, wakubwa walikataa kuta zitobolewe, eti rangi mpya itaharibika, wakaamuru waya upitishwe kwenye shimo la lifti. Rangi kweli ilibaki nzuri. Akamwachia mlinzi swichi ya lifti, akaingia ndani. "Nikikupigia, izime. Nataka nisikie inapogonga."

Ghorofa ya pili ikapita, kitu kikagonga nje, ko, ko. Akapiga simu, lifti ikasimama katikati ya ghorofa mbili, mlango ukitazamana na saruji. Akatazama simu yake: mtandao wa jengo umetulia. Kwa furaha akampigia mkurugenzi, na hapo ndipo alipojipalia makaa.

"Bosi, nimeupata. Lifti ikipita inagonga waya. Ikisimama, hausumbui kabisa."

"Kabisa?"

"Hata kidogo."

"Basi isisogezwe mpaka nimalizane na wageni."

"Bosi, mimi nimo ndani."

"Najua. Pole sana. Umefanya kazi nzuri."

Akampigia mlinzi. "Kaka, washa, nakuomba. Mwanangu anaondoka."

"Dada yangu, bosi ameshamleta katibu wake asimame hapa kwenye swichi. Nikiigusa, kesho nami sina kazi."

Aligonga mlango mpaka viganja vikawaka moto. Akamtukana mkurugenzi, akajitukana na mwenyewe. Si angenyamaza kwanza, atoke, ndipo aseme? Ulimi ulimponza. Akakaa chini kwenye joto lile, machozi yakamtoka.

Saa kumi kasoro, simu ikaita. Video, kwa mtandao uleule wa jengo. Mtoto alikuwa mlangoni pa basi, begi mgongoni. Simu ameishika mama yake mdogo.

"Mama, uko wapi?"

"Kazini, mwanangu. Nimekwama."

"Ulisema utakuja."

"Nilisema."

Konda akaita abiria. Mama akaomba picha ikatike, japo mara hii moja, asione mtoto anavyogeuka. Wiki zote zile mtandao ulikatika kwa mambo ya upuuzi. Sasa haukukatika. Alimwona anapanda, anakaa dirishani, anajifuta macho kwa mkono wa shati akidhani haonekani. Basi likaondoka.

"Dada, umemwona?" mdogo wake akauliza. "Au mtandao ulisumbua?"

"Haukusumbua," alisema. "Nimeona kila kitu."