Bendera Juu ya Jeneza la Otto

Jeneza la Otto Dressel lilikuwa tupu. Meli yake ilizama katika dhoruba, na bahari haikumrudisha. Hata hivyo Wilma, mjane wake, alitaka jeneza liingizwe kanisani, ili majirani wote wa Locust Point, pale bandarini Baltimore, wapate mahali pa kumlilia.

Kabla ya ibada akaingia Bwana Pruitt, mjumbe wa kampuni ya meli ya Vosburgh na Stroud, na mpiga picha nyuma yake. Mikononi alibeba bendera ya kampuni, ya kijani yenye nyota nyeupe, kama zile zilizopepea kwenye milingoti ya meli zao zote. Bila hata kuomba ruhusa, akaitandaza juu ya jeneza.

"Heshima hii hupewa manahodha tu, mama," akanong'ona. "Serahangi, msimamizi wa mabaharia kama Otto, hajawahi kuipata."

Wilma akaipapasa. "Mpya hii?"

"Mpya kabisa."

"Enhe! Bendera zenu hazikosi kuwa mpya!" Watu wakageuka. "Upepo ukiichana kidogo tu, mnaleta nyingine. Mume wangu kapiga kelele mwaka mzima, mbao za kufunikia shehena zimeoza, maji yanaingia. Mkampa nini? Turubai kuukuu na misumari!"

"Shemeji, tuko kanisani," akasema Emil, mdogo wake Otto, akimshika mkono.

"Niache! Na wewe Jumatatu unapanda meli yao nyingine. Mbao zake zikoje? Sema!"

Emil akainamisha kichwa. "Mbovu vilevile."

"Huzuni inakupotosha, mama," Pruitt akasema, huku akimwashiria mpiga picha apige.

Wilma akaivuta bendera, akaikunjakunja kama tambara la jikoni, akamsukumia kifuani. "Kazibie matundu! Toka!"

Pruitt akatoka, mpiga picha akimfuata mbiombio.

Jumatatu Emil alifika gatini lakini hakupanda. Alisimama chini ya ngazi akiwaeleza wenzake habari za zile mbao mbovu, na hakupanda hata mmoja. Kampuni ikawafukuza wote, ikaleta mabaharia kutoka Norfolk. Hao nao walipozikagua zile mbao, wakashuka. Mwisho wakaitwa mafundi, wakaweka mbao mpya.

Emil hakurudishiwa kazi. Wilma alimpakulia kabichi na soseji kwa hasira.

"Wameziweka mbao, sivyo?" akasema. "Kumbe zilikuwepo! Walishindwa nini kuziweka Otto yu hai?"