Donda Chini ya Shuka

Mkono wa Mansour ulikuwa umefungwa kitambaa, uko chini ya shuka, unamwosha Karimu paja la kulia, ulipokutana na kitu kisichokuwa ngozi. Akasita. Bakiri, aliyekuwa akimimina maji kwa kopo, akasita naye, maana maji ya maiti hayamiminwi ovyo, humfuata anayeosha.

Tuseme mambo yalivyo kwa asiyezijua kazi hizi. Maiti ya Kiislamu husitiriwa kwa shuka toka kitovuni hadi magotini, na mwosha hupitisha mkono chini yake bila kutazama. Analolikuta huko hulizika huko huko. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, walisema wahenga, na hawakuongeza kwamba ana ruhusa ya kwenda kuitangaza sokoni. Watanzania wa Johannesburg, toka wauzaji wa jumla wa katikati ya jiji hadi wenye vispaza, viduka vyao vya uchochoroni, kitongojini Diepsloot, walikuwa wakiwaita Mansour na Bakiri kila anapowafia mwanamume, kwa sababu mikono ya hawa wawili ilikuwa laini na midomo yao mizito.

Huyu wa leo alikuwa rafiki wa Mansour. Walitoka Tanga pamoja, wakapata kazi pamoja, wakagombana na kupatana mara zisizo na idadi. Pumu aliyozaliwa nayo ilimkaba alfajiri nyumbani kwake Kensington. Daktari wa mtaani aliyezoea kumtibu akaandika cheti, na kabla ya adhuhuri Karimu alikuwa amelazwa kwenye chumba cha kuoshea cha msikiti. Mansour alitarajia kulia, na hakulia. Tangu alipopigiwa simu alikuwa kama jino lililopigwa ganzi: unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, lakini halikwambii kitu.

Labda ni ganzi hiyo iliyomfanya afanye alichofanya. Alifunua shuka. Hakuinua sana, lakini alifunua, akatazama.

Lilikuwa donda la mviringo, pana kama kisosi cha kikombe cha kahawa, jeusi katikati, kingo zake zimevimba na kuchubuka. Halikuwa jipu wala la kumwagikiwa mafuta ya moto. Mansour alikuwa amefundishwa kulitambua donda la namna hiyo kwa picha, na aliomba Mungu asilione kwa macho.

"Mansour," Bakiri akanong'ona. "Stara."

Akarudisha shuka. Wakamaliza kumwosha, wakamtia kafuri, wakamvika sanda. Donda halikumuua Karimu, tuelewane hapo. Pumu ndiyo iliyomuua. Lakini lilisema jambo ambalo Karimu mwenyewe hakulisema.

Kaskazini ya Diepsloot, vibanda vinapokwisha na majani kuanza, kuna kituo kinachohifadhi fimbo za urani zilizokwisha kutumika kwenye tanuru la nyuklia. Fimbo hizo zimechoka kazi, hazijachoka ukali. Zitatoa mionzi hadi wajukuu wa wajukuu wetu watusahau majina. Zimelazwa ndani ya mabomba ya chuma yaliyozamishwa ardhini na kuzibwa juu. Kampuni moja ya mkandarasi ndiyo hupeleka watu kuyakagua. Wanateremsha kamera kwa waya ndani ya bomba, wanatafuta maji na kutu, kisha wanaipandisha, na mmoja wao anafuta waya kwa kitambaa jinsi unavyopanda. Kazi hiyo ilikuwa ya Karimu na mwenzake Régis, Mrundi. Mansour alikuwa mpimaji wa mionzi, na yeye ndiye aliyekusanya beji, vile vidude vya plastiki vinavyovaliwa kifuani ili maabara isome kila mtu amekula mionzi kiasi gani.

Sasa sikia akili ya binadamu. Sheria inasema beji ikivuka kiwango, mwenye beji anawekwa kando mpaka mwaka ugeuke. Kwa mwajiriwa wa kudumu, kando ni mezani na chai. Kwa kibarua wa mkataba, kando ni nyumbani kwake akiangaliana na mkewe. Kwa hiyo beji za kina Karimu zilikuwa zikirudi kutoka maabara safi kama vyombo vya mgeni. Mansour aliliona hilo, akaliita bahati.

Donda lilimwambia vingine. Paja haliungui vile huku beji ya kifuani imenyamaza. Basi beji haikuwa kifuani. Na paja haliungui peke yake mpaka kitu kikae mfukoni. Mansour hakuhitaji kukitafuta mbali. Kitambaa cha kufutia waya kinatakiwa kitupwe kwenye pipa lake, na pipa liko mbali na mabomba, na Karimu alikuwa mtu wa kuchukia kwenda na kurudi. Alikikunja, akakitia mfuko wa ovaroli, akaendelea na kazi, akaja kukitupa pipani jioni. Na kitambaa hakiunguzi mtu mpaka kibebe unga wa urani yenyewe. Maana yake huko chini kuna fimbo iliyopasuka ganda, na kamera imepita mbele yake bila kuiona, kwa sababu kamera ile iliambiwa itafute kutu na maji.

Jumatatu wangerudi kwenye mabomba yale yale. Mansour akinyamaza, Régis atafuta waya ule. Akisema, atakuwa amemvua Karimu shuka mbele ya watu, yeye aliyeaminiwa kumfunika.

Aliingia kaburini akampokea rafiki yake, akamlaza, akamrushia udongo, na moyoni mwake hakukuwa na kitu. Watu walimpa pole, akazipokea kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu. Matangani Bakiri alimvuta pembeni.

"Yale uliyoyaona, umeyazika?"

"Kuna mtu mwingine atapata donda kama lile, Bakiri. Mficha maradhi kilio humuumbua."

"Humuumbua, sawa. Lakini haikusemwa wewe ukamsaidie kuumbuka." Bakiri hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa tu, na alikuwa na haki ya kuogopa. "Mwosha huoshwa, ndugu yangu. Kumbuka hilo kabla hujafungua mdomo."

Jumapili Mansour akajaribu njia ya mzunguko. Alikwenda katikati ya jiji, kwenye jengo kuukuu ambalo ghorofa yake ya kwanza ni kanisa la Warundi, akamsubiri Régis atoke ibadani. Régis alitoka na tai shingoni na jasho la kuimba.

"Régis, beji unaivaa?"

"Eish, Mansour. Leo ni siku ya Bwana, na wewe unaniuliza beji?" Akacheka. "Unajua inakaa wapi. Kwenye msumari, pamoja na koti. Sisi wote."

"Vitambaa je? Mnavitupa kwenye pipa?"

"Mimi navuta waya tu. Karimu ndiye alikuwa anafuta."

"Na kesho?"

"Kesho nitafuta mimi, na watanipa kijana wa kuvuta. Ni promotion hiyo, mon frère."

"Usiende kesho. Sema unaumwa."

Régis akamtazama, kicheko kikamtoka polepole. "Nisipoenda, watoto nitawapikia nini? Mionzi? Una kitu cha kuniambia, niambie."

Mansour akafungua mdomo, akaona shuka nyeupe, akaufunga. Akasema hana kitu. Alirudi nyumbani kwa miguu, amejikasirikia, na hata hasira yenyewe ilikuwa baridi kama wali wa jana.

Jumatatu asubuhi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, watu walikuwa wakivaa ovaroli huku msimamizi wao, Benita, Mkongo wa Lubumbashi, akigawa kazi za siku. Mansour alimwomba asimamishe kazi. Akamweleza habari ya waya na vitambaa, na kwamba kuna mtu ameungua.

"Nani?" Benita akauliza.

"Mmoja wetu."

"Mmoja wetu ni watu wengi, Mansour. Ukaguzi wa mwisho ulisema mabomba ni mazima. Beji ulizileta wewe mwenyewe, zote safi. Leo nifunge kazi, nipigie kituo simu, niseme nini? Mpimaji wangu ameota? Bila jina hakuna dossier, hakuna faili la kufungua. Nipe jina, nitafunga sasa hivi."

Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anadai kile ambacho hata Mansour angedai kama angekuwa yeye. Nyuma yake Régis alikuwa tayari amevaa, anachagua kitambaa kwenye boksi, anakikung'uta.

"Karimu," Mansour akasema. "Paja la kulia. Nilimwosha mimi, nikafunua, nikaliona."

Mmoja wa Watanzania, mtu aliyebeba jeneza pamoja naye, akasema "Astaghfirullahi" na kumgeuzia mgongo. Mansour akaendelea kusema, donda pana kiasi gani, rangi gani, kingo zimekaaje, kwa pumzi moja, kama anayesoma bei za nyanya. Benita akavua kofia yake ya kazi, akaiweka mezani, akachukua simu.

Kazi ilifungwa. Walipolifungua pipa na kupima vitambaa kimoja kimoja, jambo ambalo ukaguzi haukuwahi kulifanya, mashine ililia mpaka mtu akaenda kuizima. Lilipatikana bomba, ikapatikana fimbo iliyopasuka. Régis alipimwa toka utosini hadi kwenye nyayo, akakutwa mzima, na badala ya kushukuru akanuna kwa sababu alikaa nyumbani wiki nzima bila kazi. Tangu hapo beji zinashonewa kwenye ovaroli, hakuna cha msumari, mifuko imefungwa kwa uzi, anayewekwa kando analipwa kama aliye kazini, na mkaguzi akimaliza kukagua bomba naye anakaguliwa. Ni mambo ambayo ukiyasikia unauliza kwa nini hayakuwapo tangu zamani, na hakuna wa kukujibu.

Lakini Watanzania walikuwa na hukumu yao. Alipokufa mzee mmoja mwenye duka la vitenge jijini, Mansour alifika msikitini amekwisha kukunja mikono ya shati. Bakiri alikuwa mlangoni.

"Tumeshatosha," akasema, akitazama chini.

"Mko wawili tu."

"Tumetosha, Mansour."

Akakunjua mikono ya shati, akakaa nje kwenye mkeka na watu wengine, akisikiliza maji yanavyomiminwa ndani. Hakuna aliyemtukana. Waliokaa karibu naye walisogea kidogo kidogo mpaka mkeka ukawa mpana. Alijua kwamba amefanya haki na alijua kwamba amefanya khiana, na alikaa baina ya hayo mawili bila kusikia uchungu wa hili wala faraja ya lile. Hilo ndilo lililoanza kumtisha.

Kisha Zuhura, mjane wa Karimu, akamwita.

Alikwenda kama mtu aendaye kusomewa hukumu. Zuhura alikuwa amekaa eda, kwa hiyo walimweka Mansour sebuleni, na mjane akakaa chumbani nyuma ya pazia la mlango. Mama yake mdogo, Bi Mwatumu, alikaa katikati ya mlango na tasbihi yake, asimwangalie huyu wala yule.

"Shemeji," sauti ya Zuhura ikatoka, sauti ya Unguja isiyo na haraka. "Nasikia umemfunua mume wangu."

"Nimemfunua, shemeji. Sina la kujitetea. Nimekuja uniambie unachotaka kuniambia."

"Ukamwona."

"Nikamwona."

Bi Mwatumu akavuta punje moja ya tasbihi, akaishikilia.

"Likoje?"

Mansour hakuelewa. "Nini, shemeji?"

"Hilo donda. Likoje? Wanaume wote wa kazini kwenu wanalijua, mpaka wake zao wanalijua. Miye sikuliona."

"Hukuliona?"

"Miezi miwili alilala na suruali. Anaoga kafunga mlango kwa ufunguo. Akipanda kitandani ananigeuzia mgongo, anatazama ukuta. Nikimuuliza, kachoka. Nikimshika, ananitoa mkono. Mwanamke ana akili moja tu kwa mume wa namna hiyo, shemeji. Nilijua ana mtu. Nikamtafutia mpaka jina. Siku ya maziko walikuja kuniambia nimpe radhi mume wangu, n'kasema n'shampa. Ilikuwa mdomo tu. Nilimtoa humu ndani na kinyongo changu kama kilivyo. Basi nambie likoje."

Mansour akaanza. Yale maneno aliyoyatoa kazini kwa pumzi moja sasa yalikataa kutoka. Akasema lilikuwa la mviringo. Akasema lilikuwa paja la kulia, upande wa nje, hapa, akajiwekea kiganja mwenyewe ijapokuwa Zuhura hakuweza kumwona. Akasema kubwa kama kisosi, akakwama.

"Lilikuwa likimuuma?"

"Sana. La namna ile halikupi usingizi. Hata shuka ikiligusa ni tabu. Asingeweza kabisa kulalia ubavu wa kulia."

Halafu Zuhura akasema, taratibu, kama anayejieleza mwenyewe, "Ubavu wa kulia ndio wa kunielekea mimi."

Bi Mwatumu akaiweka tasbihi chini, akainuka, akaingia ndani. Kilio kilipoanza hakikuwa kikubwa. Mansour alibaki kwenye kochi la rafiki yake, kiganja bado kiko pajani, akilia naye.