Diski ya Pili

Fundi alikaza skrubu ya nne, akarudisha kifuniko cha kompyuta ya masjala, akawasha. Kompyuta ikahesabu vilivyo vyake: kibodi ipo, kipanya kipo, diski ya zamani ipo, imejaa pomoni. Diski mpya aliyotoka kuifunga haikuwemo. Alizima, akabadilisha waya, akahamia tundu jingine, akapuliza vumbi kwa mdomo kama wafanyavyo mafundi wote, ingawa wote wanajua haisaidii. Wapi!

Kwenye benchi la ukutani, mama mmoja alimfuata kwa macho. Mwaka juzi mwanawe alichukuliwa na gari la serikali, sokoni, mchana kweupe. Tangu hapo mama huja kila siku ya kazi kuuliza faili lake, na mkuu wa masjala humjibu lilelile: mashine imejaa, halifunguki faili mpaka ipatikane diski mpya.

"Bado, mwanangu?"

"Bado, mama. Imekaza shingo."

Jaribio la tano, orodha ikaongezeka mstari. Diski ya pili: mwanamke, miaka sitini na mitatu, nafasi iliyobaki hakuna. Fundi akamwomba mama asogee dirishani, mstari ukafifia. Mama akarudi kwenye benchi, ukakolea.

"Ndiyo mimi hiyo?"

"Ndiyo wewe, mama."

"Basi ifungue. Nimengoja vya kutosha."

Ndani kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa tarehe, vizuri kuliko masjala yenyewe. Jino la kwanza la mtoto. Homa zake. Vipimo vya sare za shule, mwaka hadi mwaka. Mwisho kabisa, sokoni: namba ya gari, nyuso za wanaume wanne na, kiti cha mbele, mkuu wa masjala ameshika orodha ya majina.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya fundi, naye akisoma.

"Ukubwa unatosha?"

"Unatosha, mzee. Ila ina vitu."

"Diski mpya haina vitu. Isafishe."

"Hii si mpya, mzee. Ni ya huyu mama."

"Imeonekana kwenye kompyuta ya ofisi," mkuu alisema, na kwa kuwa fundi hakunyanyua mkono, akainama, akachagua kufuta vyote, akabonyeza Ndiyo mwenyewe.

Ilichukua dakika sita. Mama alipiga miayo mara mbili. Fundi alisimama na bisibisi yake mkononi, na hakung'oa hata waya mmoja. Aibu hiyo anayo hadi leo. Kisha mafaili ya masjala yakaanza kuhamia, na mama akajikuna sikio.

Mkuu akavuta kiti, akaketi mbele yake kwa adabu.

"Haya, mama. Nafasi sasa ipo. Nikusaidie nini?"

Mama alitazama benchi, kisha kompyuta, kisha mlango.

"Hata sijui, baba. Labda nilipita kupumzika tu."

Mama alipotoka, fundi alimfuata, akamkuta kwenye ngazi, akamshika mkono. Akamsimulia kama alivyosoma: jino, homa, sare, soko, gari na namba yake, na aliyeketi mbele. Alipofika kwenye jina la kijana akalia waziwazi, watu wakipanda na kushuka.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kiganja shavuni. Akampangusa machozi kwa ncha ya kanga yake.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Alikuwa nani wako?"