Ukuta wa Mutinda Unaotoa Maji

Wewe ulipita Wamunyu ukaona malori ya mchanga yakipanda kutoka mtoni, ukageuza uso, ukasema hayo ni mambo ya watu wa huku. Basi geuka, nikuambie.

Jumatatu moja ya Septemba 2003, saa moja asubuhi, Mutinda alikuwa sebuleni akinywa chai ukuta ulipoanza kutoa maji. Akasogeza kiti. Kazi yake ni kuchora nyumba Nairobi, na hii ya nyumbani aliichora akifuata ya nyanyake: mviringo, paa la nyasi lililoshuka chini, ukuta mnene wa udongo na mchanga. Saruji alikataa. Alisema hii ni nyumba isiyoumiza ardhi. Mchanga ulitoka mtoni hapo chini, malori kumi na manne.

Mto wetu huficha maji ndani ya mchanga, na kila mwanamke huchimba shimo lake humo ili achote. Mchanga ulipopanda kilimani, maji yaliufuata.

Kufikia saa mbili wanawake walikuwa wamefika na punda na mitungi. Kila mmoja alitafuta pahali pake ukutani, kwa mpangilio uleule wa mashimo yao ya mtoni. Nzisa, mama mdogo wa Mutinda, alionja hapa na pale, akatambua maji yake kando ya mlango wa chumba cha kulala. Akapazungushia matawi ya miiba, vile shimo la mtoni huzungushiwa ili ng'ombe wasilichafue. Tangu siku hiyo Mutinda huenda kulala akiruka miiba.

Mwaka wa 1984, wa ukame, shimo la Nzisa ndilo lililonywesha kilima kizima. Mutinda alikuwa na miaka tisa, na alikunywa hapo. Ndiyo maana hakuweza kumwangalia usoni.

"Mwaitu, mama yangu, chota tu," alimwambia. "Mlango uko wazi."

"Mto haukuwa na mlango," Nzisa akasema. "Rudisha mchanga wangu."

"Nikirudisha, nyumba itaanguka."

"Si ulisema ni nyumba isiyoumiza?"

Mutinda alikaa na neno hilo wiki nzima. Kisha akachora mlango mpana zaidi, wa kupitisha mitungi miwili, na nguzo ya kufungia punda. Wageni wake wa Nairobi waliupenda ukuta ule. Watatu wakaagiza nyumba kama hiyo. Alikubali, macho chini.

Malori yanarudi kesho asubuhi kuchukua mchanga wa nyumba hizo tatu. Nzisa atakuwa ameketi juu ya mchanga uliobaki mtoni, na ana miaka sabini na mbili. Usiniambie umehuzunika. Weka kitabu chini, shuka mtoni, ukaketi kando yake.