Mengineyo Hujadiliwa Aprili

Jumatatu ya pili ya Januari, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Lorna Kivela alimfungia baba yake zipu ya koti hadi kidevuni, akamvuta kofia ya sufu ifunike masikio, akamshika mkono wakavuka uwanja wa magari wa kampuni ya bima mjini Duluth. Barafu ilikuwa imenyunyiziwa chumvi. Mzee Reino, mwenye umri wa miaka themanini na minne, alining'iniza shingoni kitambulisho kipya chenye picha yake. Mlango wa kioo ukakisoma, ukalia mara moja, ukafunguka. Lorna akaingia na mbwa.

Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya majivu, mwenye mvi mdomoni, akichechemea mguu wa nyuma wa kushoto, kwa kuwa ndio uliobanwa na behewa mwaka 1971. Nguo zake zilibaki sakafuni. Lorna alizikunja, akazitia katika mfuko aliokuja nao kwa kazi hiyo. Kofia ilikuwa bado inamtosha, akaachiwa.

Gordy Pelkey wa dawati la jirani, ambaye paka wake alilala juu ya mashine ya kunakili kwa ajili ya joto, aliinua macho.

"Mzuri huyo. Anaitwa nani?"

"Reino."

"Kama baba yako."

"Ndiye."

Gordy alimkuna Reino nyuma ya sikio, akasema ni kweli wamefanana, hasa paji la uso.

Mambo yalianza Novemba. Reino aliinjika mayai jikoni akaenda kulala, maji yakakauka, na mayai yakapasuka yakaruka hadi darini. Wiki iliyofuata alitoka na ndala kwenda kungoja treni kwenye kituo kilichobomolewa miaka thelathini iliyopita, akarudishwa na dereva wa gari la kuondoa theluji, vidole vya miguu vikiwa vyeupe kama mishumaa. Lorna aliomba afanyie kazi nyumbani. Alikuwa mtoto wa pekee, mama alikwishafariki, na mzee hakuweza tena kuachwa peke yake. Bi Trudy Haugen, mkuu wa idara ya wafanyakazi, alimkatalia kwa upole. Katika mji ule watu hukukatalia kwa upole kiasi kwamba hugundui mpaka umefika nyumbani. Lorna alitoka na kipande cha keki kwenye kitambaa cha karatasi, na habari kwamba kanuni haziwatambui wazazi.

Wiki ileile kampuni ilitangaza kwamba mfanyakazi yeyote aweza kuja kazini na mnyama wake, maana mnyama apendwaye hapaswi kushinda peke yake.

Lorna alilelewa asidanganye katika fomu. Penye umri aliandika themanini na minne. Penye "Amewahi kuuma?" aliandika: mara moja, harusini, 1962. Penye "Hutulia akiachwa peke yake?" aliandika hapana, akapigia mstari. Kisha akafika penye aina. Orodha ilikuwa na mbwa, paka, sungura, ndege na mengineyo. Jibu la haki lilikuwa mengineyo. Lakini chini yake, kwa herufi ndogo, fomu ilieleza kwamba mengineyo hujadiliwa na kamati, na kamati hukutana Aprili. Lorna alitazama dirishani. Theluji ilikuwa imefika kwenye kizingiti. Akabonyeza mbwa, taratibu, kama mtu anayemfunika blanketi aliyelala.

Jioni alimweleza baba yake. Reino alitafuna viazi vyake mpaka mwisho, ndipo akauliza kama huko kuna kahawa.

"Ipo, baba. Ila utapewa maji."

"Na watu wapo?"

"Watu tele."

"Basi twende."

Kila siku saa kumi na moja jioni walitoka kwa mlango uleule, Lorna ametandaza koti kama pazia, na baba yake akavaa suruali upesi kwa sababu ya baridi. Mkia ndio uliochelewa kuondoka. Mwanzoni ulipotea pale pale uwanjani. Kufikia mwisho wa Januari walifika nao hadi kwenye daraja la njia ya nyumbani.

Kazini Reino alipendwa. Mkewe alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja nyuma, na tangu hapo aliyemgusa, ukimtoa Lorna, ni kinyozi. Sasa hapakupita saa bila mtu kumkuna tumbo. Alikaa dirishani kutazama treni za madini zikiteremka bandarini, na kila moja aliiinulia mguu wa mbele, kama alivyoinua bendera kazini kwake relini kwa miaka arobaini. Treni nazo zilipiga honi. Aliacha kumwita Lorna kwa jina la shangazi yake. Garini alimpa habari za ofisi, ambazo mbwa huzipata zaidi kuliko meneja.

"Yule Marcy wa ghorofa ya pili," alisema siku moja, "hulia chooni baada ya chakula cha mchana. Ana mama yake kule Hibbing, yuko peke yake. Nimekaa naye kidogo."

Februari Reino alianza kukohoa. Lorna alimwendea Bi Haugen, Reino akiwa nyuma yake, akaomba nusu siku ampeleke baba yake hospitali. Bi Haugen alisikitika kwa dhati, akafungua kanuni, akamwonyesha kwamba siku zake zote za ruhusa ziliisha Novemba. Reino akakohoa. Bi Haugen akainama, akamshika kidevu.

"Maskini wee. Ameanza lini huyu?"

"Jumamosi."

"Na bado mko hapa? Mpeleke kwa daktari wa wanyama sasa hivi. Mnyama akiugua una siku tatu."

"Trudy, ni yuleyule."

"Najua, mpenzi. Kila jioni namwona anavaa suruali pale nje." Bi Haugen alimrekebishia Reino kofia. "Lakini umeniletea fomu ya baba. Niletee ya mbwa."

Lorna akaijaza akiwa amesimama.

Daktari wa wanyama alisoma fomu, akamtazama mzee mwenye koti aliyeketi juu ya meza, akamwomba afungue mdomo. Aliyasifu meno yaliyobaki. Alisikiliza kifua, akasema ni nimonia changa, akatoa dawa kulingana na uzito, akaonya asipewe chokoleti. Kwa wiki mbili Reino alikula chokoleti kwa siri, akapona.

Aprili kamati ilikutana. Lorna, ambaye lile neno moja la uongo lilikuwa halimpi usingizi, alikuwa ameandika kuomba lirekebishwe: Reino Kivela si mbwa, ni baba, aruhusiwe hivyo. Alijua kwamba wakikataa, mzee atarudi kwenye mayai na ndala. Kamati ilikaa kwa muda wa saa mbili na kula keki mbili. Kobe wa mhasibu alipita bila pingamizi. Kisha Lorna akakabidhiwa barua. Mzee Reino Kivela, kwa kuwa ni mzazi, hataruhusiwa kuingia jengoni. Mbwa Reino Kivela, kwa kuwa hajatajwa katika ombi, aendelee kama kawaida.

Lorna aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia katika mfuko wa nguo.

Mwezi Mei kampuni ilipata tuzo ya upendo mahali pa kazi, kipande cha kioo chenye umbo la moyo. Katika picha, Reino yuko mbele katikati, na kofia yake.

Siku hiyo baada ya chakula cha mchana, Lorna alimkuta Marcy kwenye mashine ya kahawa, macho mekundu, mkononi fomu, kalamu imesimama penye mengineyo.

"Hayo hujadiliwa Aprili," Lorna alimwambia. "Weka mbwa. Na uje na mfuko wa nguo."

Marcy alishukuru, akauliza kama mamake ataruhusiwa kubaki na miwani.

"Huyu wangu wamemwachia kofia."

Ilikuwa Ijumaa. Garini, baada ya daraja, mkia wa Reino ulikuwa bado unapiga kiti, pole pole, dup, dup.

"Jumatatu anakuja mama yake Marcy," Lorna alisema.

"Nimesikia. Kesho je, tunakwenda?"

"Kesho Jumamosi, baba. Tunakaa nyumbani."

Mkia ukatulia. Reino akaweka kidevu chake kwenye bega la bintiye, naye Lorna akaendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukimkuna nyuma ya sikio.