Mdogo Wangu Hakuwa Kwenye Orodha

Kazi yangu ni kuwapigia simu wanawake wasiotaka kupigiwa. Nakaa chumba cha mwisho cha kituo cha afya, kati ya stoo ya dawa na choo cha wafanyakazi, na kiti changu kinachechemea. Kila Jumatatu kompyuta inanitolea orodha ya wanawake ambao muda wao wa kuchunguzwa mlango wa kizazi umefika. Napiga, najitambulisha, nawaalika. Wengine wananishukuru. Wengine wananiuliza kama nimekosa kazi ya maana, na mimi nisiyejua kumeza maneno nawajibu. Kisha nabonyeza jibu moja kati ya manne: atakuja, amekataa, hapatikani, amefariki. Zaidi ya hapo kwenye mfumo naruhusiwa kusoma tu.

Nilikuwa naipenda kazi hiyo, nisiwe mnafiki. Zamani mgonjwa alikuwa faili, na faili lilikuwa chakula cha panya. Tangu kila kitu kiingie kwenye kompyuta tunauona mji mzima kwa pamoja: mtaa gani wanawake wanakuja wakiwa wamechelewa, mtaa gani hawaji kabisa, gari la uchunguzi lipelekwe wapi. Kuna mwalimu mmoja alinitukana kwenye simu mpaka sikio likapata moto. Akaja kwa hasira zake, akakutwa na dalili za mwanzo kabisa, akatibiwa akaenda zake. Siku hizi tukikutana sokoni ananinyang'anya kikapu anibebee. Basi nikawa najigamba nyumbani utadhani mfumo huo nimeuzaa mimi.

Wa kunikata maringo alikuwa mdogo wangu. Yeye alikuwa mfungaji wa mikate kiwandani, na angeweza kuwachekesha watu hata msibani. Siku moja tuko jikoni kwa kaka yetu tunamenya viazi, akaniuliza mbona wanawake wa mji mzima nawaita, yeye tuliyenyonya naye ziwa moja simwiti. Nikamwambia zamu yake ikifika ataitwa, mfumo hausahau mtu. Wifi yetu, mke wa kaka, alikuwa ameinamia sufuria. Aliendelea kukoroga maji matupu.

Mwaka jana mdogo wangu akaanza kutokwa damu isiyo ya siku zake. Akaenda hospitali kuu. Daktari akafungua kumbukumbu zake, akasoma kwamba kizazi kilishatolewa chote pamoja na mlango wake, akaona hakuna haja ya kumlaza kitandani amtazame. Wala hakumwambia alichokisoma. Alimwandikia dawa za maambukizi. Damu ikakatika kidogo, ikarudi, naye akarudi, akaandikiwa nyingine. Ikaenda hivyo miezi, na mimi siijui hali yake, maana mdogo wangu maumivu yake alikuwa akiyafanyia mzaha.

Nilipojua nilimkokota hadi kituoni kwetu. Muuguzi tunayemwita Sista Miwani hakugusa kompyuta. Alimlaza, akawasha taa, akachungulia. Alitoka anavua glavu kidole kimoja kimoja, akaniambia nikae. Mlango wa kizazi upo, akasema, na kizazi kipo, na saratani ipo.

Nilifungua kumbukumbu zake, nikaona ule upasuaji, nikamfuata mdogo wangu pale alipokuwa anavaa viatu, nikamuuliza nani alifanyiwa upasuaji kwa jina lake. Hakubabaika hata kidogo.

"Wifi alikuwa anaisha kwa damu, dada," alisema. "Kadi yangu ya bima ilikuwa imelala kabatini. Ningeiacha ilale?"

Enzi hizo kadi hazikuwa na picha. Wifi hakuwa na bima, alikuwa na uvimbe wa kizazi, na sisi sote tuliambiwa kwamba umetolewa uvimbe tu. Kumbe aliamka kitandani hana kizazi, akafunga mdomo. Mdogo wangu mwenyewe hakujua. Kaka yetu miaka yote hiyo alikuwa anangoja mtoto wa pili, bado anamnunulia mkewe dawa za kushika mimba, na mkewe anazimeza mbele yake. Na mfumo hauiti mwanamke asiye na kizazi, kwa hiyo jina la mdogo wangu halikufika kwangu hata Jumatatu moja. Kompyuta ilifanya kama tulivyoifundisha.

Tiba iliyobaki ilikuwa mionzi, na foleni ya mionzi inapita kwenye mfumo peke yake. Niseme kweli, utaratibu huo ulipotangazwa nilipiga makofi, kwa sababu kabla yake foleni ilikuwa ya wenye wajomba ofisini. Sasa maombi ya mdogo wangu yakawa yanarudishwa: mgonjwa hana kiungo kinachoombewa tiba. Sista Miwani akatuma tena na maelezo. Yakarudi. Nikaenda kwa mtunza kumbukumbu wa hospitali kuu, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, nikamwambia afute ule upasuaji mbele ya macho yangu.

"Upasuaji ulifanyika, mama," alisema. "Kuna mwanamke anatembea hana kizazi. Nikiufuta bila kumjua, na yeye nitakuwa nimemwandikia uongo. Mleteni."

Nilitamani kumzaba kibao, kwa kuwa alikuwa na haki.

Wifi nilimkuta anaanika nguo. Nilimweleza yote, akakaa chini palepale kwenye maji ya sabuni. Alilia kwamba siku kaka atakaposikia ndiyo siku ndoa itakapokwisha. Nilimwambia ndoa inaweza kufa watu wakabaki hai. Akaahidi kwenda Jumatatu. Jumatatu ilipofika mtoto anaumwa, iliyofuata kichwa kinamgonga, iliyofuata kapotea kabisa. Leo kesho, leo kesho. Nikaapa kwenda kumwambia kaka mimi mwenyewe, mdogo wangu akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa umebaki mifupa.

"Usimvunjie mwenzio nyumba kwa ajili yangu," alisema.

Nilimjibu kwa ukali kwamba kaburini hakuna atakayekuja kumshukuru. Akacheka, na kicheko kikamuumiza, akakunja magoti hadi kifuani. Nilimchukia wifi siku hiyo, nikamchukia na mdogo wangu kwa wema wake usiojua kuchagua.

Lakini wifi huyohuyo ndiye aliyekuwa anakuja kumwogesha. Asubuhi moja alimaliza kumwogesha, akatazama maji yaliyobaki kwenye beseni, yamekuwa mekundu. Alijifuta mikono, akavaa viatu, akaenda hospitali kuu akapimwa, akasema, akatia sahihi. Jioni akamwambia kaka kwa mdomo wake mwenyewe. Kaka hakupiga wala hakufoka. Alikusanya nguo zake akaondoka, na mpaka leo hajarudi.

Kumbukumbu zikatenganishwa, wanawake wawili wakawa wawili. Maombi yakakubaliwa haraka, mtu angedhani ni muujiza. Daktari wa mionzi alimpima mdogo wangu, akauliza amekuja na nani, nikaitwa. Alisema ugonjwa umeshapanda kwenye figo na ini, mionzi sasa itamtesa bure. Angeletwa damu ilipoanza, akasema, kisha akaishia hapo na kuandika dawa ya maumivu. Tukarudi nyumbani, mdogo wangu ananituliza mimi.

Jumatatu iliyofuata nikawasha kompyuta, na jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa lake. Taarifa za saratani zilikuwa bado hazijahamishiwa kwenye kumbukumbu zake mpya. Mfumo ulimwona mwanamke mtu mzima, ana kizazi chake, hajawahi kuchunguzwa hata mara moja, apigiwe upesi. Nililia mpaka Sista Miwani akaja kufunga mlango. Kisha nikapiga, maana sikuweza kumruka tena.

Alipokea mwenyewe. Nikaanza maneno ninayomwambia kila mtu: napiga kutoka kituo cha afya, kumbukumbu zetu zinaonyesha muda wako wa kuchunguzwa umefika. Aliniacha nimalize. Nilisikia anavyohema.

"Afadhali leo mmenikumbuka," alisema. "Andika nakuja."

Nikabonyeza: atakuja.

Alifariki kabla wiki haijaisha, wifi akiwa amemshika kichwa. Tulimzika, kaka akasimama upande mmoja na wifi upande mwingine. Nilirudi kazini Jumatatu kwa sababu nyumbani kulikuwa hakukaliki. Jina lake lilikuwepo tena, safari hii lina alama nyekundu: aliahidi, hakufika, apigiwe tena. Katika yale yote yaliyoandikwa juu yake kwa miaka yote hiyo, kulikuwa na jambo moja tu nililoruhusiwa kusahihisha mimi, dada yake. Nikabonyeza jibu la nne. Kompyuta ikaniandikia kwamba taarifa zimehifadhiwa, ikaniletea jina linalofuata.

Nikapiga. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya haraka, nyuma yake cherehani inalia. Akasema yuko na kazi, labda mwezi ujao. Utaratibu ni kumshukuru na kumtakia siku njema. Mimi nikamwomba aiache cherehani hiyo, anielekeze kwake, naja kumchukua mwenyewe sasa hivi, na nadhani nilikuwa napiga kelele. Akauliza kama nina wazimu, akakata simu.

Nikabonyeza: amekataa.